Nkufo Hapimwi kwa Mabao Saba

Katika mabaraza ya wapenzi wa kabumbu, hesabu ndiyo hakimu asiyekatiwa rufaa. Jina la mchezaji hutajwa, idadi ya mabao yake ikafuata, na kesi ikafungwa. Kwa kipimo hicho, Blaise Nkufo, mshambuliaji mstaafu wa Uswisi, hana makuu ya kujivunia: aliichezea timu ya taifa mechi 34, akafunga mabao saba. Alexander Frei, aliyekuwa mwenzake katika safu ya mbele, alifunga mabao 42 katika mechi 84, akaivunja rekodi ya mabao 34 iliyokuwa ya Kubilay Türkyilmaz. Ukimweka Nkufo kando ya majabali hayo mawili, anabaki kuwa tanbihi tu katika historia ya soka ya nchi yake. Makala haya yanashikilia kwamba kipimo hicho kimekwenda upogo, na kwamba upogo wenyewe unaeleza mengi kuhusu namna taifa linavyowatunza, au linavyowapoteza, wana wake waliozaliwa kwingine.

Nkufo alizaliwa Kinshasa mnamo tarehe 25 Mei 1975, nchi hiyo ikiitwa Zaire. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Zaire ilikuwa imekwenda Ujerumani Magharibi kushiriki Kombe la Dunia, ikiwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kulifikia shindano hilo. Ilifungwa na Scotland, Yugoslavia na Brazil jumla ya mabao 14, ikarejea bila hata moja la kufutia machozi. Mtoto aliyezaliwa katika mji huo baada ya aibu hiyo angekuja kucheza Kombe la Dunia miaka 35 baadaye, tena katika ardhi ya Afrika, ila akiwa amevaa jezi ya taifa la Ulaya. Alipelekwa Uswisi angali mdogo, akakulia upande wa Lausanne, wanakozungumza Kifaransa.

Jina lake lina mvuto wa pekee kwa mwanafunzi wa lugha. Watangazaji wa Ulaya walilihangaikia mno, wengine wakilitanguliza kwa irabu ambayo haimo, wengine wakiimeza nazali yenyewe. Msikilizaji wa Kibantu hana haja ya kuhangaika hivyo. Hata hivyo, Kiswahili nacho si mwenyeji kamili wa mfuatano huo wa sauti, maana katika ngeli ya I-ZI nazali hudondoshwa inapotangulia konsonanti isiyo ghuna: Mganda husema enkoko, Mswahili akasema kuku. Nazali husalia tu pale ambapo shina lina silabi moja, kama katika nchi na nta. Kwa kanuni hiyo, huenda jina hilo lingekuwa Kufo lau lingepitia midomo ya wenyeji wa pwani kwa karne kadhaa. Lakini hilo ni la kupitia tu.

Miaka ya mwanzo ya uchezaji wake ilikuwa ya kutangatanga. Alichezea Lausanne, Grasshopper ya Zürich, Lugano na Luzern. Ni muhali kumpata mchezaji aliyeizunguka Uswisi jinsi hii, kwani Lausanne ni ya Kifaransa, Zürich na Luzern ni za Kijerumani, na Lugano ni ya Kiitaliano. Hata Qatar alipitia. Baadaye alikwenda Ujerumani, akajiunga na Mainz 05 iliyokuwa katika divisheni ya pili chini ya mkufunzi kijana aliyeitwa Jürgen Klopp, kisha akahamia Hannover 96, ambako hakung'aa. Kufikia mwaka 2003 alikuwa na umri wa miaka 28, umri ambao mshambuliaji huanza kuhesabiwa misimu iliyosalia, na hapakuwa na klabu iliyoweza kusema kwamba Nkufo ni wake.

Ndipo alipotua Enschede, mji wa mashariki mwa Uholanzi ulio karibu na mpaka wa Ujerumani, akajiunga na FC Twente. Klabu hiyo iliundwa mwaka 1965 kwa kuunganishwa kwa klabu mbili za mji huo. Ilikuwa na jina la heshima lakini haikuwa imewahi kutwaa ubingwa wa ligi, kwa kuwa ubingwa wa Uholanzi umezoea kupokezanwa baina ya Ajax, PSV na Feyenoord kana kwamba ni urithi wa kifamilia. Nkufo alikaa hapo miaka saba. Alipita mikononi mwa makocha kadhaa, nao, licha ya kutofautiana kwa mitindo, walianza kuandika majina ya kikosi kwa jina lake. Alipoondoka mwaka 2010 alikuwa ameifungia klabu hiyo mabao 114 ya ligi, na hakuna mchezaji yeyote kabla yake aliyekuwa ameifungia mengi kiasi hicho.

Namna alivyoyafunga inastahili kuelezwa, kwa sababu ndipo penye kiini cha hoja. Nkufo hakuwa mwepesi wa kuwaacha mabeki kwa mbio, wala hakuwa fundi wa chenga za kuwainua watazamaji vitini. Alikuwa mtu wa miraba minne aliyesimama na mgongo wake ukiwa umeelekea lango, beki akiwa amemng'ang'ania shingoni, akaupokea mpira mrefu kwa kifua au kwa paja, akautuliza hadi wenzake wafike. Kazi hiyo ni kama ya mtu anayeushikilia mlango wazi ili wengine wapite. Wapitao ndio huonekana. Msimu wa 2009-2010, Twente ilipotwaa ubingwa wake wa kwanza, mfungaji wake mkuu alikuwa Bryan Ruiz kutoka Costa Rica, aliyepachika mabao 24. Mabao yaliyotia muhuri ubingwa huo mjini Breda tarehe 2 Mei 2010 yalifungwa na Ruiz na Miroslav Stoch. Nkufo hakufunga siku hiyo. Twente ilimaliza na pointi 86 na Ajax 85, na pengo la pointi moja katika safari ya mechi 34 halielezeki bila ya kumtaja aliyeushikilia mlango. Mkufunzi wa kikosi hicho alikuwa Steve McClaren, yule yule ambaye magazeti ya Uingereza yalikuwa yamemcheka mwaka 2007 kwa kusimama chini ya mwavuli huku timu yake ikizamishwa na Croatia. Inavyoelekea, Enschede ulikuwa mji wa kuwafufua waliokwisha kuzikwa na wengine.

Sasa yafaa kuuingilia ule mwaka wa 2002. Nkufo alikuwa ameanza kuitwa katika timu ya taifa, iliyokuwa chini ya Jakob Kuhn, ambaye Waswisi walimwita Köbi kwa mapenzi. Wawili hao wakakosana kuhusu nafasi ya mshambuliaji huyo kikosini. Nkufo akajitoa, na kwa takribani miaka mitano hakuivaa tena jezi nyekundu. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi, na nyasi hapa ilikuwa timu yenyewe. Miaka hiyo mitano haikuwa ya kawaida katika maisha ya Nkufo: ndiyo miaka aliyoanza kuvuna mabao Uholanzi, tangu umri wa miaka 28 hadi 32, miaka ambayo mshambuliaji wa aina yake huwa amekomaa na bado ana nguvu. Ukiiondoa, hesabu ya mabao saba katika mechi 34 inakuwa kama kumpima mkulima kwa mavuno ya masika aliyolala hospitalini.

Je, nani alaumiwe? Itakuwa ni kumwonea Kuhn kudai kwamba aliwabagua wachezaji wenye asili ya kigeni. Kikosi chake kilikuwa na Valon Behrami aliyezaliwa Kosovo, Johan Djourou aliyezaliwa Abidjan, Johan Vonlanthen aliyezaliwa Colombia na Hakan Yakin mwenye wazazi wa Kituruki. Kuhn, aliyefariki mwaka 2019, alikuwa mmoja wa wakufunzi walioifanya timu ya Uswisi ifanane na Uswisi ya kweli, na aliipeleka katika mashindano makuu matatu mfululizo. Nkufo naye hakosi lawama. Mchezaji anayeondoka huku akijua kwamba nafasi yake haina mrithi wa kimo chake anachukua dhamana ya kile kitakachotokea.

Lakini kuna jambo linalofaa kutazamwa kwa makini. Mei mwaka huo huo wa 2002, Roy Keane, nahodha wa Jamhuri ya Ireland, alikosana na mkufunzi wake Mick McCarthy katika kisiwa cha Saipan siku chache kabla ya Kombe la Dunia, naye akafunga virago. Taifa zima liligawanyika, nusu likimwona msaliti na nusu likimwona mtu wa msimamo, na mwaka 2005 mchezo wa kuigiza wenye nyimbo uliotungwa kutokana na kisa hicho ulikuwa ukiwavunja watu mbavu jijini Dublin. Keane alirejea mwaka 2004. Ugomvi wa Nkufo haukupata mwangwi wa namna hiyo. Hakuna aliyeuandikia tamthilia. Bila shaka Keane alikuwa nyota mkubwa zaidi na Kombe la Dunia lilikuwa mlangoni, kwa hiyo ulinganisho huu hauwezi kusukumwa mbali. Hata hivyo, mchezaji aliyezaliwa nchini anapogombana na kocha, watu huuliza ni nani mwenye haki. Mhamiaji anapogombana na kocha, swali hugeuka kuwa ni kwa nini hana shukrani. Deni la shukrani ni deni la ajabu, maana mdaiwa hulilipa kila Jumamosi uwanjani na bado daftari halifutwi.

Athari za ugomvi huo zilidhihirika hatua kwa hatua. Katika Kombe la Mataifa ya Ulaya la mwaka 2004 nchini Ureno, Uswisi ilifunga bao moja tu katika mechi tatu, lile la Vonlanthen dhidi ya Ufaransa. Frei alikuwa amefungiwa kwa kumtemea mate Steven Gerrard katika mechi ya Uingereza, na benchi halikuwa na mtu wa kuliziba pengo lake. Miaka miwili baadaye, Ujerumani, kikatokea kisa ambacho hakikuwa kimewahi kutokea katika Kombe la Dunia. Uswisi ilitoka sare na Ufaransa bila bao, ikawafunga Togo na Korea Kusini mawili kwa bila kila mmoja, kisha ikaumana na Ukraine mjini Cologne tarehe 26 Juni 2006. Dakika 120 zikapita bila bao. Zilipofika penalti, Marco Streller, Tranquillo Barnetta na Ricardo Cabanas wakakosa wote watatu. Uswisi ikatolewa bila lango lake kuguswa hata mara moja katika dakika zote za mchezo. Frei, mpigaji penalti wa kutegemewa, alikuwa ametolewa uwanjani dakika chache kabla ya kipenga cha mwisho.

Haiwezekani kuthibitisha kwamba Nkufo angeyabadilisha matokeo ya Cologne. "Lau" si ushahidi. Lakini timu ambayo haikufungwa bao hata moja ilikuwa na upungufu mmoja tu, nao ulikuwa wa kufunga. Wakati huo huo, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Cologne, kulikuwa na mshambuliaji Mswisi aliyekuwa akifunga kila wiki katika ligi kuu. Yeyote anayesema kwamba kukosekana kwake hakukuigharimu Uswisi chochote, huyo ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha.

Wapo wanaopinga kwa kusema kwamba mabao ya Uholanzi ni ya bei rahisi. Hoja hii haipaswi kupuuzwa. Mateja Kežman alifunga mabao 35 ya ligi akiwa PSV msimu wa 2002-2003, na alipohamia Chelsea akaambulia manne ya ligi kwa msimu mzima. Afonso Alves alimfunga Heracles mabao saba katika mechi moja mwezi wa Oktoba 2007 akiwa Heerenveen, kisha Middlesbrough ikamnunua ikayajutia mapesa yake. Ni kweli kwamba mabeki wa ligi hiyo huwa wakarimu kwa wageni. Lakini mifano yote miwili ni ya wafungaji waliowaka misimu michache kama moto wa mabua. Miaka saba ni kitu kingine. Katika miaka saba mabeki husoma mienendo ya mshambuliaji na makocha huandaa mitego dhidi yake, na asiye na la ziada huumbuka. Isitoshe, mabao ya Nkufo ya kimataifa, aliporejea, hayakufungwa Uholanzi.

Naye alirejea. Mwaka 2007 Kuhn alimwita tena, na Nkufo akaitika. Jambo hili limesahaulika mno, ilhali ndilo la heshima zaidi katika kisa kizima, kwa pande zote mbili. Kocha alikubali kwamba timu inamhitaji mtu aliyemkataa. Mchezaji, aliyekuwa tayari na mji mzima unaomwimba, alikubali kurudi mahali ambapo angeweza kuzomewa. Bahati haikuwa yao. Jeraha lilimzuia Nkufo kushiriki Kombe la Mataifa ya Ulaya la mwaka 2008, ambalo Uswisi iliandaa pamoja na Austria. Frei naye aliumia goti katika mechi ya kwanza kabisa dhidi ya Jamhuri ya Czech mjini Basel, akatoka uwanjani akilia. Wenyeji wakafungwa na Wacheki na Waturuki, wakawa wameaga mashindano yao wenyewe kabla ya kuishinda Ureno katika mechi isiyokuwa na maana tena.

Chini ya Ottmar Hitzfeld, aliyempokea Kuhn usukani, Nkufo alicheza michuano ya kufuzu kwa Kombe la Dunia la mwaka 2010. Alifunga mabao matano: dhidi ya Israeli, Luxembourg, Latvia, Ugiriki na Moldova. Lile la Ugiriki ndilo lenye uzito wa peke yake. Mwezi mmoja kabla yake, Septemba 2008, Uswisi ilikuwa imefungwa nyumbani mabao mawili kwa moja na Luxembourg, fedheha ambayo magazeti ya Zürich hayakuweza kuimeza. Bao la Nkufo lilikuwa faraja isiyotosha siku hiyo. Oktoba wakasafiri hadi Ugiriki, waliokuwa vinara wa kundi, na wengi walitarajia kwamba ndio ungekuwa mwisho wa Hitzfeld. Frei akafunga penalti, Wagiriki wakasawazisha, kisha Nkufo akatia la ushindi. Safari ya Afrika Kusini ilianzia hapo. Kati ya mabao yake saba ya kimataifa, matano aliyafunga baada ya kutimiza miaka 33, katika kampeni moja, na yote yalikuwa ya mashindano.

Tarehe 16 Juni 2010, mjini Durban, Uswisi ilikutana na Uhispania, mabingwa wa Ulaya ambao wiki chache baadaye wangekuwa mabingwa wa dunia. Frei alikuwa majeruhi. Mbele walisimama Nkufo, mzaliwa wa Kinshasa mwenye miaka 35, na Eren Derdiyok, mtoto wa wazazi wa Kikurdi. Dakika ya 52 Derdiyok alipenya, akagongana na mlinda lango Iker Casillas, na katika purukushani ile Gelson Fernandes, mzaliwa wa Cape Verde, akausukuma mpira wavuni. Muda uliobaki ulikuwa wa Wahispania kushambulia na Waswisi kujihami. Kila mpira uliobutuliwa kutoka nyuma ulihitaji mtu wa kuupokea na kuwapa mabeki fursa ya kuvuta pumzi. Anayetaka kuifahamu thamani ya Nkufo na aitazame mechi hiyo bila kuufuata mpira, amtazame yeye. Hakufunga bao. Uhispania haikupoteza mechi nyingine katika mashindano yale.

Uswisi haikufika mbali. Ilifungwa na Chile baada ya Behrami kutolewa kwa kadi nyekundu, ikatoka sare tasa na Honduras, ikarudi nyumbani. Nkufo alivuka bahari kwenda Seattle, akawafungia watu wa huko mabao matatu katika mechi moja dhidi ya Columbus, na mwaka 2011 akatundika daluga.

Imesalia hesabu moja, kwa wale wasioridhika bila hesabu. Stéphane Chapuisat wa Lausanne, aliyetwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya na Borussia Dortmund mwaka 1997, aliteuliwa na shirikisho la soka la Uswisi kuwa mchezaji bora wa nchi hiyo katika miaka 50 iliyokuwa imepita. Hakuna anayetilia shaka uteuzi huo, wala haifai kuutilia. Chapuisat aliichezea timu ya taifa mechi 103 na kufunga mabao 21, yaani bao moja kwa kila mechi tano hivi. Mabao saba ya Nkufo katika mechi 34 yanatoa uwiano ule ule. Kwa Chapuisat, watu husema kwamba mabao hayasemi yote.